Ule mstari mwekundu kwenye kipimo cha malaria ni dhahabu. Njooni tuongee nanoteknolojia

#1 Mwana wa Igoma

Wakuu, mwangaluka.

Juzi nilimpeleka mwanangu zahanati, homa ilikuwa imemshika usiku kucha. Dada wa maabara akamtoboa kidole, tone la damu likaingia kwenye kile kipimo cha haraka, akaongeza matone ya ile dawa yake ya maji, tukaambiwa tusubiri kwenye benchi. Pembeni yangu alikaa kaka mmoja mchimbaji wa Geita, kaja Mwanza kuuza mzigo wake, malaria ikamkutia mjini. Dada alipotoka, kipimo cha mwanangu kilikuwa na mstari mmoja, cha yule kaka miwili.

Nikamwambia, "Unaiona hiyo mistari? Hiyo ni dhahabu."

Akanitazama kama anavyotazamwa mtu aliyeleta shaba sokoni. "Mwalimu, mimi dhahabu naijua tangu sijaota ndevu. Dhahabu nyekundu ya wapi?" Kabla sijajibu akaitwa dirisha la dawa, tukaachana. Nimekaa na deni, na deni lenyewe naomba nililipe hapa.

Ni dhahabu kweli. Ni ileile ya Geita na ya kwenye pete ya mkeo, ila imetengenezwa kwa chembe ndogo mno, za nanomita 20 hadi 40 hivi. Dhahabu ikifika udogo huo na kuelea kwenye maji haiwi ya njano tena. Inakuwa nyekundu, nyekundu ya juisi ya rozela.

Nanomita moja ni kipande kimoja cha mita uliyoigawa vipande bilioni. Najua namba kama hiyo haiingii kichwani. Basi chukua dagaa mmoja pale Mwaloni Kirumba, wa sentimita tano. Tuseme tuna mashine ya kukuza vitu, tunaikuza nanomita moja mpaka ilingane na huyo dagaa. Dagaa mwenyewe naye tukimkuza kwa kiwango hichohicho atakuwa na urefu wa kilomita 2,500. Yaani unampanga barabarani kutoka hapa hadi Dar, anarudi Mwanza, na mkia unabaki. Unywele mmoja una unene wa nanomita 80,000 hadi 100,000. Seli nyekundu ya damu ni kama 7,000. Uzi wa DNA, ule unaobeba sura ya babu yako, upana wake ni 2 tu. Na kucha zako zinakua karibu nanomita moja kila sekunde, kwa hiyo tangu uanze aya hii zimeshaongezeka.

Wataalamu wamekubaliana kuita "nano" kitu ambacho angalau upande wake mmoja, uwe urefu, upana au unene, uko kati ya nanomita 1 na 100. Mpaka huo ni makubaliano tu, hakuna ukuta kwenye 101. Ila udogo peke yake hautoshi, na hapa ndipo maelezo mengi yanapoteleza. Kinachotafutwa ni ile tabia mpya. Ukikata kipande cha dhahabu nusu, ukakata tena, ukakata tena, kwa muda mrefu sana unapata dhahabu ileile: ya njano, inayeyuka kwa nyuzi 1,064, haishiki kutu, haichangamani na kitu ovyo. Unafika mahali inabadilika. Rangi inageuka. Chembe za nanomita mbili tatu zinayeyuka mamia ya nyuzi chini ya pale. Na dhahabu hii tunayoisifu kwa uvivu wake inaanza kufanya kazi: chembe zake zikipandikizwa juu ya madini fulani zinaigeuza ile gesi ya sumu ya jiko la mkaa kuwa kaboni dayoksaidi ya kawaida, hata kwenye baridi. Hujaongeza kitu, hujapunguza kitu. Umebadilisha ukubwa tu.

Sababu ni mbili. Ya kwanza ni uso, na hii mtu wa ziwani anaijua bila kusoma. Dagaa ukimwanika asubuhi jua kali, jioni amekauka. Sangara mzima ukimwanika hivyohivyo atakuozea, maana dagaa karibu wote ni ngozi, sangara yuko ndani zaidi. Sasa chukua mchemraba wa sentimita moja kila upande. Uso wake wote ni sentimita za mraba 6. Ukiukata vichemraba vya nanomita moja moja, uso unakuwa mita za mraba 6,000. Hiyo inakaribia sehemu ya kuchezea ya uwanja wa CCM Kirumba, imetoka kwenye kitu unachoweza kukifumbata. Kwenye chembe ya nanomita 3, karibu nusu ya atomu zote ziko juu ya uso. Atomu ya juu ya uso haina majirani wa kutosha wa kushikana nao, kwa hiyo iko tayari kushikana na mgeni yeyote anayepita.

Sababu ya pili ni elektroni, nitaieleza kwa ngoma na beseni mkitaka. Kwanza niwasikie.

#2 Kibatari

Naweka kambi hapa. Ila mkuu, ukiisha hapo utatuambia na bia ina almasi.

#3 Mtu wa Maabara

Mwana wa Igoma yuko sahihi, niongezee kidogo maana hii ndiyo kazi yangu ya kila siku.

Ndani ya kile kikasha kuna karatasi inayofyonza. Mwanzoni mwa karatasi wameweka chembe za dhahabu zilizovikwa kingamwili, yaani protini zinazoutambua uchafu fulani unaotolewa na kimelea cha malaria. Damu ikija na ile dawa ya maji inazizoa chembe, zinatembea pamoja kwenye karatasi kama takataka zinavyokokotwa na maji ya mvua mtaroni. Kama kimelea yupo, kile kitu chake kinanaswa na kingamwili za kwenye dhahabu, na mbele yake kuna mstari mwingine wa kingamwili zilizogandishwa unakinasa tena. Chembe zinarundikana pale. Chembe moja huwezi kuiona, zikirundikana mamilioni unaona wekundu. Mstari wa pili, wa herufi C, ni wa kuthibitisha kwamba kipimo chenyewe kimefanya kazi. C isipotokea, tupa, pima upya.

Ila si vipimo vyote duniani vina dhahabu. Baadhi ya vile vya mimba vinatumia vijipira vya plastiki vya buluu. Ukiona mstari wa buluu usikimbilie sonara.

#4 Karasha

Mimi ni mchenjuaji, niko na maswali ya kazi.

Moja: hivyo vipimo vikishatumika vinatupwa wapi, na kimoja kina pointi ngapi za dhahabu?

Mbili: kama dhahabu inakuwa nyekundu ikisagika, mbona unga wa karasha, ile mashine yetu ya kusaga mawe, sijawahi kuuona mwekundu?

#5 Mtu wa Maabara

Nilijua utakuja 😂. Vinachomwa, vina damu za watu, usithubutu.

#6 Mwana wa Igoma

Karasha, tupige hesabu kwa makadirio. Kipimo kimoja kina mikrogramu chache tu za dhahabu. Ili upate gramu moja unahitaji vipimo laki kadhaa. Utakuwa umeshikwa na magonjwa yote ya wilaya kabla hujajaza kijiko.

Swali la pili ni zuri kuliko unavyodhani. Karasha lako linasaga mpaka chembe za mikromita kumi, hamsini, mia. Mikromita moja ni nanomita 1,000. Kwa hiyo unga wako laini kabisa ni mawe makubwa ukiuweka karibu na chembe ya kwenye kipimo. Nano haipatikani kwa kuponda tu hivihivi. Hii ya vipimo inajengwa kutoka chini: dhahabu inayeyushwa kwanza mpaka iwe chumvi ndani ya maji, halafu inawekwa kemikali (inayotumika sana ni jamaa ya tindikali ya ndimu) na atomu zinaanza kukusanyikana zenyewe. Ukubwa wa chembe unaamuliwa na vipimo vya mchanganyiko. Unachemsha, maji yanabadilika rangi mbele ya macho yako mpaka wekundu. Michael Faraday alitengeneza maji mekundu ya dhahabu London na kuyaandikia mwaka 1857, akasema rangi hiyo inatokana na chembe ndogo zisizoonekana. Hakuwa na hadubini ya kuziona, aliamua kwa akili tu.

Na kuna kitu wewe unakijua kutoka mialoni. Zebaki haikamati dhahabu laini sana, inaondoka na marudio, ule mchanga unaobaki baada ya kuosha. Ndiyo maana wenye sianidi, kemikali inayoyeyusha dhahabu, wanayanunua marudio yenu na kutajirika. Hapo si nano, ila somo ni lile la uso: kitu kikiwa laini, tabia yake mbele ya kemikali ni nyingine.

#7 Karasha

Hapo kwenye marudio umenigusa kidonda. Endelea na elektroni.

#8 Mwana wa Igoma

Haya, beseni. Ndani ya dhahabu kuna elektroni zinazozurura, hazina mwenyewe. Mwanga ni wimbi. Ukifika kwenye chembe ya nanomita 20, unazisukuma elektroni zote upande huu, zinarudi upande ule, kama maji kwenye beseni alilopakata mtu juu ya bodaboda. Kila beseni lina mdundo wake: bodaboda ikirukaruka kwa mdundo huohuo, maji yanamwagika. Kwa chembe hizi mdundo unalingana na mwanga wa kijani. Kijani kinamezwa, chekundu kinapita, na jicho lako linaona chekundu. Kwenye tofali la dhahabu beseni ni kubwa kama ziwa, mdundo huo haupo.

Warumi wa karne ya 4 walilitumia hilo bila kulijua. Kikombe chao kimoja cha kioo kiko British Museum, kinaitwa Lycurgus: ukikimulika kwa mbele ni cha kijani, ukiweka taa ndani kinakuwa chekundu. Kioo kina chembe za dhahabu na fedha.

Ngoma ni habari nyingine, ya vitu ambavyo si metali. Nendeni makumbusho ya Bujora pale Kisesa mkapige ngoma kubwa, halafu ndogo. Ndogo inatoa sauti kali. Elektroni iliyobanwa ndani ya fuwele dogo inafanya vivyo hivyo: ukiibana zaidi, mwanga unaotoka unakuwa wa buluu, ukiilegezea unasogea kwenye wekundu. Madini yaleyale, nanomita 2 yanawaka buluu, nanomita 6 yanawaka mekundu. Vinaitwa nukta kwanta, viko kwenye baadhi ya televisheni za bei mbaya. Bawendi, Brus na Ekimov walipewa Nobeli ya kemia ya 2023 kwa hilo.

#9 Kibatari

Nani alivumbua? Wazungu au Wajapani?

#10 Mwana wa Igoma

Neno nanoteknolojia alilitumia kwanza Mjapani, Norio Taniguchi, 1974. Mmarekani Richard Feynman alikuwa ameshahutubia juu ya wazo lenyewe Desemba 1959. Ila maneno ni maneno. Mimi naona kazi ilianza 1981, Binnig na Rohrer walipotengeneza kule Zurich hadubini inayopapasa atomu moja moja kama kipofu anavyosoma kwa vidole. Kabla ya hapo watu walikuwa wanaongelea nyumba ambayo hakuna aliyewahi kuingia.

#11 Fundi Simu Makoroboi

Mimi nina hasira na hili neno. Nilinunua kwa jumla vichupa vya "nano", unapaka kwenye kioo cha simu, eti hakivunjiki hata kwa nyundo. Mteja wa kwanza kaangusha simu pale pale dukani akijaribu. Nimelipa kioo.

Halafu zile prosesa za simu za "nanomita 3" zina ukweli?

#12 Mwana wa Igoma

Pole sana fundi. Kimiminika cha namna ile kinaweka utando mwembamba mno, kinaweza kusaidia kioo kisishike mafuta ya vidole. Nyundo ni tamaa ya muuzaji.

Prosesa: "nanomita 3" siku hizi ni jina la toleo, kama mtu anavyoitwa Mfupi na ni mrefu. Zamani namba ile ilikuwa inapima kitu halisi ndani ya chipu. Sasa ukipima umbali kutoka transista moja (swichi ndogo za ndani ya chipu) hadi jirani yake utapata makumi ya nanomita. Bado ni nano halali kabisa, ila si tatu.

#13 Mjukuu wa Bismarck

Mbona hamjataja mijusi yetu? Ile ya pale kwenye jiwe la Bismarck hapa Mwanza, kichwa chekundu mkia wa buluu, inapanda mwamba uliosimama wima kama ukuta. Nilisoma kwamba miguu yake ina nywele za nano, ndiyo inayonata.

#14 Mwana wa Igoma

Umesoma sawa, umemkamata mjusi asiye mwenyewe. Yule wa kwenye mawe anapanda kwa makucha, na mwamba wetu una mikwaruzo ya kutosha. Mwenye nywele ni mjusi kafiri, huyu wa darini anayekula mbu karibu na balbu. Chini ya vidole ana vinywele, kila kinywele kimechanua vijiti mia kadhaa, na ncha ya kila kijiti ina upana wa nanomita 200 hivi. Hakuna gundi. Ncha zinasogea karibu sana na ukuta kiasi kwamba molekuli za ncha na za ukuta zinavutana zenyewe. Mvuto wa ncha moja si kitu, ila ziko mamilioni. Ndiyo maana anatembea juu ya kioo akiwa kichwa chini.

Mkitaka mfano wa shambani, tazameni jani la gimbi, yale yanayoota kwenye majaruba karibu na ziwa. Mwagia maji, yanakuwa lulu, yanabingirika, yanaondoka na vumbi, jani linabaki kavu. Uso wa jani una vinundu vidogo, na juu ya vinundu kuna nta yenye maumbo ya nano. Tone linasimama juu ya ncha kama mtu aliyelala kwenye kitanda cha misumari, chini yake hewa. Jani lenyewe ukilifikicha kwa vidole, ile nta inatoka na maji yanashika. Jaribuni, mimi wanafunzi wangu huwa nawatuma mabondeni.

#15 Mama Dagaa

Shikamooni wakubwa, wengine marahaba. Mimi elimu yangu ni ya darasa la saba, ila nimesoma yote. Nina maswali ya mtu wa kazi.

Zamani mitumbwi yetu ilikuwa inavulia kwa karabai, sasa ni taa za betri na sola. Je, hizo nazo ni hiyo nano? Na sisi tunaobanika samaki, ule moshi si chembe ndogo pia? Kifua kinaniuma kila masika.

#16 Mwana wa Igoma

Marahaba mama, na shikamoo kama umenizidi.

Taa ndiyo, na kwa kweli ni mfano mzuri kuliko wangu wa televisheni. Zima taa uitazame kwa karibu, utaona kidoti cha njano. Njano ile ni unga tu. Chini ya unga kuna kipande kidogo kinachotoa mwanga wa buluu, unga unageuza sehemu ya buluu kuwa njano, vikichanganyika vinakuwa vyeupe. Kile kipande cha buluu kimejengwa kwa matabaka, na tabaka mwanga unapozaliwa lina unene wa nanomita chache tu. Hapo elektroni zinabanwa, lile lile la ngoma ya Bujora. Wazaliwa watatu wa Japani, Akasaki, Amano na Nakamura, walipata Nobeli ya fizikia ya 2014 kwa kuitoa hiyo buluu iliyokuwa imewashinda watu kwa miaka mingi. Dagaa wanaokuja kwenye taa ya mtumbwi wako usiku wa giza wanafuata kazi yao.

Moshi nao umeuliza vizuri. Ndiyo, una chembe za chini ya nanomita 100, tele. Ila hakuna aliyezipanga, kwa hiyo ni nano bila teknolojia. Udogo wake ndio unaozifikisha ndani kabisa ya mapafu, wakati vumbi la kawaida linakamatwa njiani na makamasi. Banika kwenye tanuri lenye bomba la kutolea moshi kama unaweza, ukae upande upepo unakotoka, na hicho kifua kipimwe.

#17 Mtu wa Maabara

Mama, hiyo ya kifua usiisogeze mbele. Masika ni mbali.

#18 Kibatari

Sasa mmefika ninapopataka. Kama chembe zinaingia mpaka mapafuni, na chanjo za korona zilikuwa na nano, si ndiyo vile viroboti tulivyoambiwa?

#19 Mwana wa Igoma

Hakuna roboti mkuu. Kwenye chanjo za aina ile ya Pfizer na Moderna nano yenyewe ni kitone cha mafuta cha kama nanomita 100, kimebeba ujumbe ndani ili usiharibike kabla ya kufika kwenye seli. Roboti ina mota na betri. Hapo hata nafasi ya betri hakuna.

Wasiwasi wa kweli upo, ila uko kwingine. Mwaka 2008 watafiti waliweka nyuzinyuzi ndefu za kaboni za nano ndani ya uwazi wa tumbo la panya, zikaleta madhara yanayofanana na ya asbesto. Chembe za fedha zinaua bakteria, na watu wanaziweka hata kwenye soksi. Unazifua, maji yanakwenda mtoni, mto unakwenda ziwani, na ziwani kuna bakteria tunaowahitaji. Kila kitu kinapimwa chenyewe. Mtu akikwambia "nano ni salama" au "nano ni sumu", muulize nano ya nini, ukubwa gani, inaingilia wapi.

#20 Mhaya wa Kashozi

Na maji? Kuna Mtanzania alipata tuzo kwa chujio.

#21 Mwana wa Igoma

Dkt. Askwar Hilonga, wa Taasisi ya Nelson Mandela kule Arusha. 2015 alipewa tuzo ya uhandisi ya Afrika na Royal Academy of Engineering ya Uingereza, pauni 25,000. Chujio lake lina mchanga kama machujio ya zamani, kisha kuna vitu vya nano vya kushika kile ambacho mchanga unakiachia, na vinachaguliwa kulingana na maji ya mahali. Hilo ndilo lililonivutia. Bakteria wa kipindupindu ana urefu wa nanomita elfu moja na zaidi, mchanga mzuri unaweza kumpunguza sana. Floraidi, ile chumvi ya maji ya Arusha inayoharibu meno, imeyeyuka ndani ya maji, hakuna tundu la mchanga litakaloizuia, inahitaji kitu chenye uso mkubwa wa kuing'ang'ania. Maji ya Arusha na maji ya ziwani hayana shida moja.

#22 Karasha

Wakuu, narudi. Nimefika duarani, kwenye shimo letu la dhahabu, nimewasimulia wenzangu, wamecheka mpaka mmoja kakaa chini. Huyohuyo aliyekaa chini leo kaamka na homa, tumempeleka kupima. Mstari wa malaria, si ule wa C, umetokea lakini hafifu sana, kama haupo. Jamaa anasema dhahabu kidogo, malaria kidogo, atameza vidonge nusu.

#23 Mtu wa Maabara

Hapana! Hafifu ni malaria kamili. Chembe zilizonaswa ni chache, basi, haina maana kwamba mdudu amemwonea huruma. Mwambie amalize dozi ya siku tatu kama ilivyoandikwa, na kila anapomeza awe amekula kitu chenye mafuta kidogo, dawa inaingia vizuri zaidi.

#24 Mama Dagaa

Nipe namba ya gari la Geita nimtumie dagaa wa kukaanga.